Likizo, Sindano na Watoto: Kisa cha Bibi Faith Ringgold



Shule zinapofungwa, nyumba hubadilika. Chumba cha kambini kilichokuwa kimya tangu asubuhi hujaa ghafla watoto, sahani za kuoshwa na ugomvi mdogo mdogo usiokwisha. Baba yuko zamu, au yuko mbali na kikosi chake; mama ndiye anayebaki kuwa mpishi, hakimu na mlinzi wa lango kwa wakati mmoja. Haishangazi basi kuwasikia mabibi wengi wakisema, "Likizo ni ya watoto, mimi likizo yangu sijaiona."

Neno hilo lina ukweli wake. Hata hivyo liko swali linalostahili kuulizwa katika ukurasa huu. Je, siku zile ambazo kengele ya shule haipigwi zaweza kumfaa mama pia? Je, aweza, katikati ya masufuria na watoto, kutengeneza kwa mikono yake kitu kitakachoishi kuliko yeye mwenyewe?

Juma hili tutalijibu swali hilo kwa kisa cha mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Faith Ringgold. Alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka 18, na mama wa mabinti wawili. Alifariki tarehe 13 Aprili 2024 akiwa na umri wa miaka 93, na kazi zake zimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Zilizompa sifa kuliko zote si sanamu za shaba wala picha zenye fremu za dhahabu. Ni mifarishi.

Huenda wako wasomaji wasiolizoea neno hilo. Mfarishi ni nguo ya kujifunika kitandani yenye tabaka tatu: juu kitambaa kizuri, mara nyingi cha vipande vilivyounganishwa, katikati pamba au blanketi la kutia joto, chini bitana. Tabaka hizo hushonwa pamoja kwa mishono mingi midogo ili zisiachane. Ni kazi ya kawaida ya nyumbani. Lakini katika mikono ya Bibi Faith ikawa kitabu, picha na kumbukumbu ya ukoo mzima.

MTOTO MGONJWA NA VITAMBAA VYA MAMA

Faith alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1930 katika Harlem, mtaa wa watu weusi katika mji wa New York. Baba yake aliendesha gari la kuzoa taka za mji. Mama yake, Willi Posey, alikuwa fundi wa kushona, na baadaye akawa mbunifu wa mavazi aliyejulikana sana mtaani kwao.

Faith alisumbuliwa na pumu tangu utotoni, hata mara nyingi hakuweza kwenda shule. Mama angeweza kumlaza tu kitandani akamwacha atazame dari. Badala yake alimpa kalamu za rangi, sindano na vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Hivyo ndivyo mtoto yule alivyojifunza kuchora na kushona katika siku zilezile ambazo wenzake walikuwa darasani.

Ustadi wa kushona ulikuwa wa ukoo. Faith alisimulia kuwa ulianzia kwa mama mmoja wa ukoo wao aitwaye Susie Shannon, aliyezaliwa utumwani. Wanawake watumwa wa Marekani walishona mifarishi kwa vitanda vya mabwana zao, na kwa masalio waliwashonea watoto wao wenyewe. Susie Shannon alimfundisha binti yake, naye akamfundisha binti yake, mpaka sindano ikafika kwa Willi Posey na kwa Faith. Watu hao hawakuachiwa ardhi wala fedha. Walichorithishana ni ufundi wa mkono, nao haukuweza kunyang'anywa.

MWALIMU ANAYENGOJA KIANGAZI

Faith alijiandikisha katika chuo kimoja mjini New York, akitaka kusomea sanaa. Siku hizo somo hilo chuoni hapo halikuwa wazi kwa wanawake, ila kwa wale waliokusudia kuwa walimu. Basi akashika njia ya ualimu, akasomea kufundisha sanaa. Mwaka 1950 aliolewa na mpiga kinanda, na mwaka 1952 wakapata mabinti wawili, Michele mwezi wa Januari na Barbara mwezi wa Desemba. Bahati mbaya mume huyo alinaswa na dawa za kulevya, na ndoa ikavunjika. Faith akabaki na watoto wawili wadogo na masomo yasiyokwisha.

Alihitimu mwaka 1955, akaanza kufundisha katika shule za Serikali za mji ule. Kila aliyewahi kushika chaki ajua maana yake. Asubuhi ni darasa, mchana ni darasa, jioni ni madaftari ya kusahihishwa, na usiku ni watoto wake mwenyewe. Saa ya kuchora iko wapi? Kwa mwalimu wa Marekani jibu ni moja: kiangazi, majira ya joto, shule zinapofungwa kwa miezi miwili na zaidi.

Tukiyachunguza maisha ya Bibi huyu twaona kuwa hatua kubwa za kazi yake zilitokea ndani ya likizo hizo.

Mwaka 1961 alifunga safari ya Ulaya kwa meli. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mama yake na mabinti wake wawili, waliokuwa na umri wa miaka 8 na 9. Walizuru Ufaransa na Italia, wakaziona picha maarufu za wachoraji wa kale katika jumba la Louvre mjini Paris. Safari ilikatizwa na msiba: ndugu yake Faith alifariki nyumbani, wakarudi wote kumzika. Yaliyoonekana, hata hivyo, yalikuwa yamekwisha kuonekana, nasi tutayakuta tena mbele.

Mwaka 1962 aliolewa na Bwana Burdette Ringgold, ambaye ndiye aliyempa jina tunalomjua nalo. Mwaka 1963, katika likizo ya kiangazi kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, alianza mfululizo wa picha 20 juu ya maisha ya Wamarekani, weusi na weupe, katika miaka ile ya kupigania haki za raia.

NYANYA ALICHUKUA WATOTO

Sasa twafika mwaka 1967, na hapa naomba msomaji atulie kidogo.

Faith alikuwa na miaka 36. Jumba moja la maonyesho ya picha mjini New York lilikuwa limefungwa kwa kiangazi, naye akaruhusiwa kulitumia kama karakana. Alikuwa na nafasi pana ya kuchorea picha kubwa, jambo ambalo nyumba ya kawaida haiwezi kutoa. Lakini mabinti walikuwa nyumbani, tena katika umri wa miaka 14 na 15, umri unaotaka macho ya mzazi.

Willi Posey akalikata shauri. Aliwachukua wajukuu wake wawili, akasafiri nao Ulaya kiangazi chote, ili binti yake apate kufanya kazi.

Miezi hiyo ndiyo iliyozaa picha tatu kubwa kuliko zote alizokuwa amechora mpaka siku hiyo. Moja yake ina upana wa futi 12, nayo yaonyesha watu weusi na weupe, wanaume, wanawake na watoto, wakikimbia na kuanguka katika ghasia za barabarani. Kiangazi hichohicho miji ya Newark na Detroit iliwaka moto kwa ghasia za kikabila. Mwaka 2016 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York.

Wanaoitazama huona jina la mchoraji peke yake. Jina la nyanya halimo. Lakini bila ya nyanya yule, ambaye alijua kuwa zawadi kubwa kuliko zote kwa mwanamke mwenye kipaji ni muda, picha ile isingalikuwako. Tujiulize sisi: katika nyumba zetu ni nani anayempa mama muda? Shangazi? Jirani? Binti mkubwa? Baba anaporudi kwa ruhusa ya siku saba, je, aweza kuwatoa watoto matembezini kwa saa mbili, mama akakaa na kazi yake bila kuitwa?

Wala nisieleweke kuwa nyumba ile ilikuwa pepo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1995, Bibi Faith hakuficha kuwa alivutana na mabinti zake walipokuwa wakikua. Mama anayefanya kazi huwanyima watoto saa fulani, nao watoto wazijua saa hizo kwa hesabu. Deni hilo hulipwa namna moja tu: kwa kuwaingiza watoto ndani ya kazi yenyewe.

KITAMBAA KINACHOKUNJIKA

Likizo ya mwaka 1972 ndiyo iliyomgeuza mchoraji akawa mtu wa vitambaa. Alikwenda tena Ulaya, safari hii pamoja na Michele. Binti alipokwenda kuwatembelea rafiki zake Hispania, mama aliendelea mpaka Uholanzi, na mjini Amsterdam akaingia katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Humo aliona picha za kale za dini ya Buddha kutoka Nepal. Picha hizo huitwa thangka. Huchorwa juu ya kitambaa na kuzungushiwa ukingo wa kitambaa kingine kizuri, bila fremu ya mti. Watawa walizikunja kama mkeka na kusafiri nazo milimani.

Bibi Faith alitambua papo hapo faida yake. Picha kubwa ya rangi ya mafuta iliyowambwa juu ya mbao ni nzito. Huhitaji gari na wabebaji, na mahali pa kuiweka hapapatikani kwa urahisi. Picha ya kitambaa hukunjwa, ikatiwa sandukuni, na mwanamke mmoja akaichukua peke yake akaenda zake.

Nadhani hakuna watu wanaoweza kulielewa jambo hili kuliko wasomaji wa gazeti hili. Barua ya uhamisho ikifika leo, kesho kutwa lori laja. Kabati lavunjika njiani, kioo chapasuka, kuku wagawiwa majirani. Vitu vinavyofika salama ni vile vinavyokunjika. Kwa hivyo nyumba inayohama yafaa iweke kumbukumbu zake katika kitambaa.

Aliporudi nyumbani, Faith alimwendea mama yake fundi, na tangu hapo Willi Posey akawa akishona kingo za vitambaa kuzunguka picha za binti yake. Mmoja alichora, mwingine akashona. Mwaka 1973 Faith aliacha kazi ya ualimu ili aifuate sanaa moja kwa moja. Yaliyoanza katika likizo yakawa kazi ya maisha.

Katika miaka hiyohiyo aliitazama Afrika kwa makini. Mwaka 1976 na 1977 alizuru Nigeria na Ghana. Aidha, alivutwa na vitambaa vya Wakuba wa Kasai, nchini Kongo, ambako wanaume hufuma nyuzi za mwale na wanawake hutarizi juu yake mapambo ya pembe tatu na miraba. Alichukua mpango wao wa kugawa nafasi kwa pembe tatu akautumia katika picha zake. Basi tukisema kuwa mkeka au kikapu cha nyanya zetu ni "kazi ya shamba" tu, tujue kuwa watu wa mbali wenye macho wamekwisha kujifunza kwa mafundi wa Kiafrika wa namna hiyo.

MFARISHI WA KWANZA

Mwaka 1980 mama na binti walishona kwa pamoja mfarishi wao wa kwanza. Waliuita kwa jina lenye maana ya "Mwangwi wa Harlem". Juu yake Faith alichora nyuso za watu wa mtaa wao, moja moja, kila uso ukitazama upande wake. Mama akaunganisha vipande na kushona. Faith alikuwa na miaka 49. Alikuwa amemjua mama yake kama mshonaji tangu siku za pumu, lakini ilichukua miaka yote hiyo mpaka waketi pamoja juu ya nguo moja.

Mwaka uliofuata, 1981, Willi Posey akafariki.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa, nami napenda kimguse kila msomaji. Kama wangaliahirisha kwa mwaka mmoja tu, mfarishi ule usingalishonwa. Sote twasema, "Likizo ijayo nitakwenda kwa mama anifundishe kusuka ule mkeka wa mapambo." Likizo ijayo yafika, nauli hakuna. Ya pili yafika, mtoto anaumwa. Ya tatu yafika, na mama hayupo. Tena mkeka umekwenda naye, kwa kuwa hakuna aliyeuandika wala aliyeujua. Ufundi wa mikono haupatikani katika kabati la marehemu. Hupokewa mkono kwa mkono, mwenye nao akiwa hai, au haupokewi.

HADITHI ZILIZOSHONWA

Baada ya mama yake kufa, Faith aliendelea na mifarishi. Alikuwa ametaka kutoa kitabu cha maisha yake, lakini siku zile hakupata mchapishaji wa kukitoa alivyokiandika. Akawaza: nisipopewa karatasi, kitambaa ninacho. Mwaka 1983 alitoa mfarishi wake wa kwanza wenye hadithi. Aliandika maneno kwa mkono juu ya vipande vya kitambaa na kuviunganisha pamoja na picha, hata mtu akisimama mbele yake husoma kama asomaye gazeti.

Uliojulikana kuliko yote ni ule wa mwaka 1988 uitwao "Tar Beach", yaani pwani ya lami. Pwani hiyo haina bahari. Ni paa la nyumba ya ghorofa katika Harlem, lililopakwa lami, ambako familia maskini zilipanda usiku wa joto ili zipate hewa. Watoto wamelala juu ya godoro wakitazama nyota. Wazazi na majirani wameketi mezani wakicheza karata. Chakula kiko tayari, na nguo zimeanikwa kambani. Binti wa miaka minane, Cassie, ajiona akiruka angani juu ya daraja kubwa la George Washington, na kila anachokirukia kinakuwa chake. Anataka kumsaidia baba yake, fundi wa ujenzi, ambaye hakubaliwi katika chama cha wafanyakazi kwa sababu ya rangi yake.

Angalieni uzuri wa jambo hilo. Familia ile haikuwa na fedha za kwenda pwani ya kweli. Likizo yao ilikuwa paa, godoro, karata na majirani. Mtoto aliyelala pale hakukumbuka umaskini; alikumbuka kuwa wazazi wake walikuwa karibu na kwamba mbingu ilikuwa pana. Mwaka 1991 hadithi hiyo ilitolewa kama kitabu cha watoto, nacho kikapata tuzo. Mfarishi wenyewe umo katika Jumba la Makumbusho la Guggenheim, New York.

Na ile safari ya mwaka 1961 iliyokatizwa na msiba? Katika mwaka huohuo wa 1991, miaka 30 baadaye, Bibi Faith alianza mfululizo wa mifarishi juu ya Ufaransa. Mmoja waonyesha mabinti wadogo weusi wakicheza dansi ndani ya Louvre, mbele ya picha ya Mona Lisa, kana kwamba wako sebuleni kwao. Mwingine waonyesha wanawake mashujaa wa watu weusi wa Marekani, miongoni mwao Harriet Tubman na Rosa Parks, wamekaa katika shamba la alizeti wakishona mfarishi mmoja kwa pamoja, na mchoraji Van Gogh amesimama kando ameshika maua. Ya likizo ya watoto yalikaa ndani ya mama miaka 30 yakiiva. Hakuna safari ya likizo inayopotea, hata iwe ya kwenda kijijini kwa nyanya, ikiwa mtu ameitazama kwa macho yaliyo wazi.

MFARISHI WA NYUMBA YAKO

Tumesema ya mbali; sasa tushike sindano. Kazi hii yaweza kufanywa katika likizo moja, bila cherehani, kwa gharama ndogo. Mfarishi tutakaoueleza wafaa kitanda cha mtoto: upana sentimita 105, urefu sentimita 150.

Vitambaa. Kusanya mabaki ya kitenge na kanga, gomesi iliyochakaa, mashati ya watoto yaliyowabana, na masalio ya fundi wa sokoni, ambaye mara nyingi huyatupa. Vyote vifuliwe kwanza kwa maji ya moto, ili chenye kunywea kinywee na chenye kutoa rangi kiitoe sasa, si baadaye. Usichanganye kitambaa kizito sana na chepesi sana. Kizito kitakirarua chepesi. Na jambo moja la kuangaliwa sana: vitambaa vya sare, hata vikiwa vimechakaa namna gani, visiguswe. Sare ni mali ya Serikali, nayo ina utaratibu wake wa kurudishwa.

Kukata. Tengeneza kipimo cha mraba kwa karatasi ngumu, sentimita 17 kila upande. Kata vipande 70. Kila ukingo utameza sentimita moja katika mshono, na kipande kitabaki na sentimita 15. Visambaze juu ya mkeka kabla ya kushona, safu 10 za vipande saba saba, uwaachie watoto kazi ya kupanga rangi. Utashangaa wanavyobishana kwa akili.

Kuunganisha. Shona vipande saba viwe safu moja, kisha safu kwa safu. Piga pasi kila mshono ulale. Nyumba ikiunganisha vipande vitano tu kwa siku, kazi hii itakwisha kwa muda wa siku 14.

Tabaka tatu. Tandaza bitana, shuka kuukuu yafaa, iwe kubwa kuliko kazi ya juu kwa sentimita tano kila upande. Juu yake weka blanketi la zamani, kisha kazi ya vipande. Piga bandi kwa uzi mrefu kuanzia katikati kwenda pembeni, ili pasifanyike makunyanzi. Halafu shona mishono midogo kufuata mipaka ya vipande, kupitia tabaka zote tatu. Maliza kwa kuzungushia ukingo utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita sita. Bandi zitolewe mwisho.

Watoto. Wadogo wachague rangi na kubeba uzi. Wa miaka minane wachore kwa kipimo. Wa miaka kumi na zaidi, wavulana kwa wasichana, washone. Mvulana asiambiwe kuwa sindano ni ya wanawake. Mafundi wanaoshona sare za askari wengi wao ni wanaume, na askari asiyejua kushona kifungo chake ni mzigo kwa wenzake. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, kama silaha zinavyohesabiwa ghalani. Isiyoonekana itafutwe mpaka ionekane, kabla mtoto mchanga hajatambaa juu ya mkeka.

Hadithi. Hili lisisahauliwe, kwani bila yake mtakuwa na blanketi tu. Chagueni vipande vyeupe vinne au vitano, na juu yake mwandike kwa kalamu, kisha mtarizi kwa uzi: jina la kila mtoto na mwaka aliozaliwa, majina ya vituo ambavyo familia imekaa, jina la nyanya na la kijiji chake. Kipande cha nguo ya marehemu, kama kipo, kipewe mahali pa heshima. Mwambieni kila mtoto kipande hiki kilikuwa nguo ya nani, na nani aliivaa siku gani. Mtoto wa askari huulizwa shuleni, "Kwenu ni wapi?" naye husita, kwa kuwa amekaa kambi tano. Mfarishi huo utamjibia.

Na kama nyanya yupo, likizo hii apelekewe wajukuu, au aletwe yeye. Asiketishwe pembeni kama mgeni anywe chai peke yake. Apewe sindano, aulizwe, na watoto wamtazame mikono.

Bibi Faith Ringgold alianza na masalio ya vitambaa kitandani, akiwa mtoto mwenye pumu. Hakuna hata mmoja wetu anayelazimika kufika makumbusho. Yatosha kwamba, siku lori la uhamisho litakapokuja, litachukua pamoja na masufuria nguo moja iliyokunjwa, ambayo watoto wakiifunua mahali pageni watajua ni nani waliowazaa na ni wapi walikopita.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharagwe yasitobolewe na wadudu. Mpaka hapo, nawatakieni likizo njema na kazi njema.